Lile shati msilifue

Ndugu yangu alipigwa risasi usiku wa Alhamisi, Novemba 2018, hatua chache kutoka mlangoni petu, hapa Mombasa. Alikuwa na miaka 22 na alikuwa dereva wa tuktuk. Ijumaa asubuhi redio ilikuwa imeshamwita jambazi. Machi 2024 Mahakama Kuu ilimpata afisa wa polisi aliyempiga na hatia ya kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka tisa. Amekata rufani.

Naandika kwa sababu karibu makosa yetu yote tuliyafanya katika siku tatu za mwanzo, wakati hakuna kati yetu aliyewaza kesi. Tuliwaza sanda, kaburi, na nani atampigia simu shangazi Lamu. Mtaa sitautaja, wala kituo, wala jina la mtu, maana mashahidi wangali wanaishi pale pale na wananunua maziwa duka moja na askari.

Nilisikia milio miwili. Nikadhani ni transfoma, kwa kuwa wiki ile stima ilikuwa ikisumbua. Kisha kijana wa jirani akaja mbio akiita jina langu, na nilipotoka nikakuta askari wanamwinua kumtia nyuma ya gari lao, mkono wake mmoja ukining'inia. Nilikataa kukubali kuwa amekufa kwa sababu kiatu kilikuwa bado mguuni. Akili ya mtu wakati ule haina mantiki.

Hospitalini walinipa mfuko wa plastiki: shati, suruali, ndara moja. Simu haikuwemo. Nikarudi na ule mfuko alfajiri, nikauweka karibu na mlango wa uani, nikaenda kukaa na watu. Mamangu hakulia. Alikuwa akizunguka nyumbani akitafuta la kufanya, akauona mfuko, akatoa shati, akalitia kwenye beseni na sabuni ya unga. Nilipoingia uani maji yalikuwa yameshabadilika rangi na yeye anafikicha kola. Akaniambia, "Haliwezi kukaa hivi." Nikamwacha. Nikamsaidia hata kulianika.

Sasa niseme ninachokijua leo. Bunduki ikifyatuliwa karibu na mtu huacha masizi na chembe za baruti kwenye nguo, na mtaalamu akiliona tundu pamoja na masizi yale huweza kukadiria bunduki ilikuwa umbali gani. Askari walisema walimpiga akiwakimbilia na panga, kutoka mbali, kwa kujihami. Vijana wa maskani walisema alishikwa, akaambiwa ageuke, akapigwa kwa karibu. Shati lingeamua. Lilipofika maabara lilikuwa safi, limepigwa pasi.

Ukiwa katika hali kama ile, nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi au bahasha kubwa, si plastiki, kwa kuwa damu mbichi ndani ya plastiki huoza. Kama zimelowa ziache zikauke kivulini kwanza. Usizikung'ute, usikate uzi. Mtu mmoja tu azishike, aandike amezipokea kwa nani na saa ngapi, na azikabidhi kwa mpelelezi kwa sahihi. Mnyime mama yako lile beseni, hata akikukasirikia.

Mzozo wa pili ulikuwa wa kaburi. Sisi ni Waislamu, na ami alitaka maiti izikwe Ijumaa ile ile baada ya sala. Askari mmoja alikuja nyumbani, mpole sana, akasema hakuna haja ya kumpasua mtoto wa watu, familia itie sahihi tu karatasi kwamba haina pingamizi na itasaidiwa gari. Ami alikuwa ameshashika kalamu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa mtaa, karani wa mahakama mstaafu, ambaye kwa kawaida tulimwona msumbufu. Aliuliza kwa sauti mbele ya watu, "Mtu aliyekufa kwa risasi mnamzika kama aliyekufa kwa homa?" Ami akampigia kelele. Ikabidi imamu aitwe. Imamu alisema kuharakisha kuzika ni sunna, lakini damu ya mtu ina haki yake, na siku moja haitamdhuru maiti. Ule ugomvi ulikuwa wa aibu, jeneza lenyewe likiwa bado msikitini, lakini bila ugomvi ule kesi isingekuwapo. Ningemzika na ushahidi wake. Kaburi huweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama, nimeona familia nyingine ikipitia hilo, na sitaki kulieleza.

Upasuaji ulifanyika Jumamosi. Shirika moja la haki za binadamu lilitupatia daktari wa pili asimame kando ya daktari wa serikali, bila malipo. Hiyo ni haki ya familia na wengi hawaijui. Mashirika kama MUHURI na HAKI Africa hapa Pwani, au IMLU kule Nairobi, yamezoea kazi hii. Wapigieni kabla ya kumpigia mtu wa kukodisha viti. Madaktari wote wawili waliandika jambo moja: risasi iliingia mgongoni, chini kidogo ya bega la kushoto, ikatokea kifuani. Mtu anayekukimbilia na panga hakupi mgongo. Mstari ule mmoja kwenye ripoti ndio uliobeba kesi yetu miaka mitano.

Niwataje na waoshaji wa maiti. Waliomwosha waliyaona matundu yote mawili, dogo nyuma na kubwa mbele, na mmoja wao baadaye alikuja kueleza hivyo kwa lugha ya mtu wa kawaida ambayo wakili wa utetezi hakuweza kuigeuza. Hakutakiwa kufanya utaalamu wowote. Alitakiwa tu kukumbuka.

Kwa kuwa risasi ilitoka, hapakuwa na risasi ndani ya mwili wa kulinganishwa na bunduki. Yalibaki maganda. Moja halikuonekana mpaka leo. La pili aliliokota mtoto wa darasa la tatu, akalifanya firimbi. Tulimsikia akipuliza siku ya pili ya matanga. Ami alimnyang'anya, akalitia kwenye mkebe wa sukari juu ya kabati, na likakaa humo siku nane huku tukijadiliana tumpe nani. Kituoni hatukuthubutu.

Siku zile nane zilitugharimu asubuhi nzima mahakamani. "Mzee, huo mkebe una kufuli? Nyumbani kwako huingia watu wangapi? Unajuaje kwamba hili ndilo ganda aliloliokota mtoto?" Ami, mtu ambaye hajawahi kuiba hata embe, alitoka kizimbani kama mtuhumiwa. Ukiona ganda, liache hapo hapo, lifunike kwa sufuria, lipige picha pamoja na kitu kinachoonyesha mahali, nguzo ya stima au mlango, na mweke mtu alilinde. Kama ni lazima liondolewe, liokotwe mbele ya mashahidi wawili na liandikiwe.

Lililotuokoa hapo ni makaratasi ya polisi wenyewe. Kila bunduki inayotoka ghala la silaha huandikwa: nani kaichukua, namba yake, risasi ngapi, na amerudisha ngapi. Afisa yule alirudisha risasi mbili pungufu. Ganda la ami likaoana na bunduki ile. Lakini daftari lile si la familia kuliomba dirishani. Linahitaji mpelelezi mwenye mamlaka, na afike mapema kabla kurasa hazijapata ajali.

Ndipo inapoingia IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Sheria inawataka polisi wenyewe waiarifu kila kifo kinachotokana na vitendo vyao au kinachotokea mikononi mwao. Msingoje wawaarifu. Sisi tulikwenda siku ya tisa, mimi na yule mzee karani, na mkebe wa sukari kwenye kikapu cha sokoni. Kupeleka lalamiko ni bure. Nilikosea kudhani kwamba wao ndio watakaomshtaki afisa. IPOA huchunguza, kisha hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na yeye ndiye huamua ashtakiwe, au faili lirudi likajazwe, au kifo kichunguzwe kwanza mbele ya hakimu. Faili letu lilirudishwa mara mbili. Kila mara nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba wiki ijayo anakamatwa, na ikabidi nimeze maneno yangu.

Wakati huo nilikuwa nikiuza mitumba Kongowea. Jioni nikawa nasoma sheria kwenye simu kama mtu anayesoma barua ya posa. Niliyoyapata nitayasema kwa ufupi, maana hakuna aliyewahi kutufundisha. Katiba, Ibara ya 26, inalinda uhai wa kila mtu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kwenye Jedwali la Sita, inamtaka askari ajaribu njia zisizo za nguvu kwanza, na nguvu atakayotumia ilingane na hatari iliyopo. Silaha ya moto ni kwa mambo machache, kubwa likiwa kuokoa uhai, wake au wa mwingine, dhidi ya hatari iliyo mbele yake sasa hivi. Ajitambulishe, aonye, ila kama kuonya kwenyewe kutaleta hatari. Akishapiga amhudumie aliyeumia, awaarifu jamaa, aripoti. Na kuna jambo ambalo nililisoma mara tatu: kusema "niliamrishwa na mkubwa wangu" si utetezi kwa nguvu iliyotumika kinyume cha sheria. Kwa hiyo hata kama ndugu yangu angekuwa mwizi kweli, na hakuwa, hoja ingebaki pale pale. Mwizi anayekupa mgongo hukamatwa.

Nilisoma pia hukumu ya Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14 wa Kinango, Kwale, aliyepigwa risasi ndani ya nyumba usiku wa Agosti 2014. Maafisa walisema aliwajia na panga. Februari 2016 Mahakama Kuu Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka saba kila mmoja, kwa kuua bila kukusudia, ingawa walikuwa wameshtakiwa kwa mauaji. Nikakumbuka panga "letu". Lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu cha matukio kituoni, lakini lilikuja kuonekana kama kielelezo miezi kadhaa baadaye, jipya, na mpini wake hauna alama ya kidole cha ndugu yangu. Nikaona hatukuwa familia ya kwanza kuambiwa hadithi ya panga, na kwamba hadithi hiyo imewahi kukataliwa na jaji. Siku ile ndiyo ya kwanza nilipolala usiku kucha.

Pesa zilikuja kabla ya mashtaka. Hazikuja kwa vitisho, zilikuja kwa heshima. Mzee wa ukoo wa mbali, kanzu safi, alikuja baada ya Magharibi, akanywa kahawa, akasema yule kijana naye ana watoto, shetani alimpitia, familia yake iko tayari kusimama na mama. Alitaja kiasi. Kilikuwa kikubwa kuliko bei ya tuktuk mpya, na wakati ule nilikuwa na deni la watu na deni la mochari. Sitadanganya kwamba sikuhesabu. Nilihesabu, nikapanga hata paa la nyumba. Mama ndiye aliyemjibu: "Ami yangu, kahawa umekunywa. Shukrani." Baadaye wakili alinieleza kwamba kesi ya mauaji ni ya Jamhuri, si yetu, kwa hiyo hata tungepokea isingekufa kwa sisi kusema tumesamehe. Ingekufa kwa mashahidi kunyamaza. Hilo ndilo lililokuwa likinunuliwa.

Vitisho vilikuja baadaye, na havikuja kwetu. Vilimwendea kijana wa maskani aliyepiga video. Pikipiki ileile ilimfuata mara tatu. Kuna wakala wa serikali wa kulinda mashahidi, na ulinzi wake ni wa kweli, lakini jua bei yake: unahamishwa, unakatiwa mawasiliano, huji harusini wala mazikoni. Kijana yule alikuwa na miaka 19. Alikubali, akakaa kando karibu miaka miwili, na mamake hakunisemesha muda wote huo. Sikumlaumu. Nasikitika hata sasa kwamba nilimshawishi haraka, bila kumwachia nafasi ya kusema la.

Video yenyewe nusura ipotee. Yeye aliituma kwenye makundi ya WhatsApp, ikasambaa, kila mtu akawa nayo, kisha akauza simu. Mahakama haitaki nakala ya nakala. Sheria ya Ushahidi inataka cheti kinachoeleza kifaa kilichorekodi, nani alikuwa nacho na jinsi ilivyonakiliwa. Ilibidi tumtafute aliyeinunua ile simu mpaka Ukunda, tukainunua tena kwa bei ya uonevu. Kwa bahati video ya asili ilikuwa bado imo. Ni ya sekunde chache, giza tupu, lakini inasikika sauti ikisema "geuka," kisha mlio. Aliyerekodi aiweke simu, aizime, asiibadilishe chochote.

Afisa alisomewa mashtaka ya mauaji Februari 2020, baada ya kupimwa akili kama wanavyopimwa wote wenye shtaka hilo. Mwezi uliofuata Korona ikaingia na mahakama zikapunguza shughuli. Yeye alipata dhamana, kwa kuwa Katiba inairuhusu hata kwa shtaka la mauaji pasipo na sababu nzito za kuizuia. Hakuna aliyenitayarisha kwa hilo. Nilimkuta sokoni akichagua nyanya. Aliniangalia, akaangalia nyanya. Nikafunga meza yangu saa nne asubuhi nikaenda zangu nyumbani.

Kesi ilianza kusikizwa 2021. Jaji akahamishwa 2022, mwingine akaja, tukazozana tuendelee tulipofika au tuanze upya. Tuliendelea, na ninashukuru, maana shahidi mmoja mzee alikuwa ameshafariki na maneno yake yalikuwa tayari kwenye kumbukumbu. Nilihesabu safari za mahakamani mpaka 31 nikaacha. Siku nyingi ni dakika tano: wakili hana nafasi, faili halionekani, tarehe nyingine. Beba maji, beba sweta, ndani kuna baridi, na usimlete mama yako siku ya kutajwa tu. Mlete siku ya ushahidi, tena mtu amwandae. Mimi sikumwandaa.

Aliitwa kueleza jinsi alivyopokea nguo. Wakili wa utetezi alimwamkia vizuri, akamwita mama, kisha akauliza, "Shati hili nani alilifua?" Akajibu ni yeye. "Kwa nini ulifua ushahidi, mama?" Kiongozi wa mashtaka alisimama kupinga, lakini swali lilikuwa limeshafika. Mama alisema, "Nilifua nguo ya mtoto wangu." Karani alisita kutafsiri. Mpaka leo sijui alivyotafsiri.

Unaweza kuwa na wakili wa familia anayeangalia maslahi ya mwathiriwa ndani ya kesi ya Jamhuri, sheria ya kulinda waathiriwa ya 2014 inampa nafasi. Sisi tulimpata mwaka wa tatu. Angekuwapo mwanzo angetuambia jambo lingine tulilolikosa kabisa: dai la fidia la kawaida dhidi ya serikali lina miezi 12 tu tangu tukio. Sisi tulingoja kesi ya jinai iishe kwanza, tukidhani ndio utaratibu. Ikabidi twende kwa njia ya ombi la kikatiba, ambalo halina kikomo hicho lakini jaji hutaka kujua mlichelewa kwa nini. Hilo bado liko mahakamani.

Hukumu ilisomwa kwa saa mbili. Jaji alikataa hadithi ya panga, alikubali ripoti za madaktari, alikubali daftari la silaha, na alisema aliyepigwa hakuwa hatari kwa mtu yeyote wakati anapigwa. Nilidhani basi, ni mauaji. Lakini mauaji yanataka dhamira ya kuua ithibitishwe pasi na shaka, na juu ya umbali, alisema, kumebaki shaka. Alitaja shati. Hakumlaumu mtu, alilitaja tu, sentensi moja. Nilimtazama mama, hakuelewa Kiingereza cha hukumu, na sikumtafsiria ile sentensi.

Watu walisherehekea nje. Mwaka mmoja kabla, Februari 2023, maafisa waliohusika na kifo cha wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao walikuwa wamehukumiwa Nairobi, mmoja wao kifo, na vijana wa mtaani waliona tisa ni ndogo mno. Wengine waliona ni muujiza. Mimi nilikuwa na njaa. Nilinunua viazi karai pale nje nikala nimesimama.

Kabla ya adhabu kupangwa afisa wa probesheni alikuja nyumbani kutuuliza kifo kimetuathiri vipi. Jibuni kwa mambo yanayoonekana: ada iliyokatika, dawa ya presha ya mama, mkopo wa tuktuk tulioendelea kuulipa wakati chombo kimelala. Sisi tulisema tu tumeumia sana, akaandika hivyo.

Vielelezo haviachiliwi mpaka rufani iishe. Nimekwenda mara mbili na barua ya wakili, na mara mbili karani amenieleza vizuri tu kwamba shati limo ndani, lina namba yake, halijapotea. Mama hajawahi kuniuliza ile tisa imebaki mingapi. Kila nikirudi kutoka mjini huuliza kama wamelitoa.